ARUBUNI ILIYOVUKA MPAKA

Hotuba juu ya kurejeshewa fedha na fundi aliye nchi nyingine

  

Mto Lhubiriha si mpana. Mtu asimamaye Mpondwe huyaona mapaa ya Kasindi, na Mkonzo wa Bwera akivuka daraja humkuta Mnande ambaye lugha yake na lugha yake mwenyewe ni kama ndugu wa tumbo moja. Watu huvuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini juu ya mto huo mwembamba hukoma sheria moja na kuanza nyingine. Ng'ambo hii hakimu huandika kwa Kiingereza, ng'ambo ile huandika kwa Kifaransa. Huku shilingi, kule faranga na dola. Hata saa si moja: iwapo saa nne asubuhi Bwera, Kasindi ni saa tatu.

Basi ndugu wasikilizaji, mwenye kujenga nyumba Kasese huagiza milango kwa seremala wa Beni au Butembo, kwa kuwa mbao za Kongo ni nzuri na mafundi wake ni hodari. Fundi huomba fedha ya kuanzia, naye hupewa. Mara nyingi milango huja, na kila mtu hufurahi. Lakini mara nyingine mwezi hupita, na wa pili hupita, simu hailii tena, na mwenye nyumba hubaki na matundu ya milango yaliyozibwa kwa magunia. Hapo huulizwa swali: Je, fedha hiyo yaweza kurudi? Na kama yaweza, kwa njia ipi iliyo ya haki mbele ya Mungu na mbele ya serikali?

Jawabu ni kwamba yaweza kurudi, lakini nguvu ya mdai hutokana zaidi na yale aliyoyafanya siku ya kutoa fedha kuliko yale afanyayo siku ya kuidai.

MAPATANO YA NAMNA GANI?

Jambo la kwanza ni kujua ni mapatano ya namna gani yaliyofungwa, kwani haki ya kurejeshewa hutofautiana kwa kadiri ya mapatano.

Ikiwa mteja ana mbao zake, na fundi anauza kazi ya mikono yake tu, hiyo ni ijara. Fundi hustahiki ujira wa sehemu aliyoifanya vizuri, na kilichozidi hurudishwa. Ikiwa mtu ameahidi tuzo kwa atakayelimaliza jambo fulani, hiyo ni juala, na katika juala hapana ujira mpaka kazi itimie. Ikiwa mteja amelipa bei yote mbele kwa ajili ya kitu chenye sifa zilizotajwa, kitakacholetwa siku iliyotajwa, hiyo ni salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmodi na miaka miwili kabla, naye hakuwakataza, bali aliwataka wakitoa fedha mbele wajue kipimo, uzani na muda. Kitu kikikosekana siku yake ikifika, mnunuzi ana hiari: angoje, au avunje mapatano na kurudishiwa rasilimali yake kamili.

Ama fundi akitoa mbao zake na kazi yake, akatengeneza kitu kwa agizo la mteja, wanazuoni wa Hanafi huyaita mapatano hayo istisnaa. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah, liliamua kwamba istisnaa huwafunga wote wawili masharti yakitimia, yaani kitu kitajwe jinsi yake, aina yake, kiasi chake na sifa zake, na muda ujulikane. Baraza liliamua pia kwamba bei yaweza kulipwa kwa awamu. Hili ni jambo kubwa kwa watu wa mpakani, kwani mlango mwema wa kumkinga mteja ni kutolipa yote kwa mara moja.

Na arubuni je? Neno hili ni la Kiarabu, limeingia katika Kiswahili zamani. Wengi hudhani kwamba arubuni ikiisha kutolewa hairudi kamwe. Dhana hiyo si sahihi. Wanazuoni walikhitalifu juu ya mnunuzi aliyejitoa mwenyewe: Maimamu Abu Hanifa, Malik na Shafii hawakumruhusu muuzaji aile arubuni, naye Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu, akitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya kwa ajili ya Sayyidna Umar ili ifanywe jela. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi, lilipokutana Brunei, lilikubali arubuni kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe wazi. Lakini khitilafu yote hiyo ni juu ya mnunuzi aliyerudi nyuma. Fundi aliyevunja ahadi yeye mwenyewe hana hoja ya arubuni. Fedha iliyo mikononi mwake ni mali ya mtu, na yampasa airudishe.

KUANDIKA NI KINGA

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani si ya sala wala ya saumu, bali ni ya kuandika madeni: aya ya 282 ya Suratul Baqara. Yaamrisha kuandika, kuweka mashahidi, na kutoona uvivu kwa sababu ya udogo wa deni. Sheria ya Uganda nayo yaelekea huko huko. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 yataka mapatano yenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, yawe kwa maandishi. Na sheria ya Kongo juu ya mikataba, ambayo asili yake ni amri ya mwaka 1888, yawafunga waliopatana kwa mapatano yao kana kwamba ni sheria yao wenyewe.

Waandike kwa lugha gani? Kiswahili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Hati ya Kiingereza yaweza kumpoteza fundi, na ya Kifaransa yaweza kumpoteza mteja. Ya Kiswahili huwaacha wote wawili bila udhuru. Ikifika mahakamani, mfasiri atatafutwa, lakini hapana atakayesema kwamba hakujua alichotia saini.

Katika hati hiyo yapasa yatajwe haya: majina kamili na vitambulisho vya wote wawili, mahali pa karakana na jina la mtaa, aina ya mbao, idadi na vipimo, bei ya kila kitu peke yake na bei ya vyote pamoja, fedha ni ya nchi gani, siku ya kuleta, na ni kwa saa ya upande upi, nani atalipa ushuru wa forodha na gharama ya gari, lipi lihesabiwe kuwa dharura, na mwisho, fedha itarudije kazi isipofanyika. Mashahidi wawe wanne ikiwezekana, wawili wa Bwera na wawili wa kule aliko fundi, kwani shahidi wa ng'ambo moja tu ni vigumu kumfikisha ng'ambo ya pili.

Neno la dharura lisipuuzwe. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka kutoka Kongo ukafika wilaya ya Kasese. Machi 2020 mipaka ya Uganda ilifungwa kwa abiria kwa sababu ya Korona, ingawa malori ya bidhaa yaliruhusiwa. Na vita katika nchi ya Beni vimewakimbiza watu wengi makwao. Fundi aliyekimbia risasi si mwizi. Si haki kumhesabu pamoja na aliyekula fedha kwa makusudi, ingawa deni lake halifutiki.

Fedha nayo isiende yote mikononi mwa fundi. Katika fiqhi ya rehani mko mtu aitwaye adili, yaani mwaminifu wa kati ambaye wagomvi wote wawili humkubali kushika amana. Mfanyabiashara wa Mpondwe anayejulikana pande zote mbili aweza kuwa adili. Fundi apewe theluthi ya kununulia mbao, theluthi ya pili milango ikionekana imeundwa, na ya mwisho ikivuka daraja.

SIKU YA KUDAI

Sasa na ichukuliwe mfano. Mtu wa Kasese ameagiza milango 12, kila mmoja shilingi 500,000, jumla 6,000,000. Ametoa 3,000,000 mbele. Siku imepita, na imeletwa milango 4 iliyo sawa. Afanyeje?

Kwanza, afanye hesabu ya uadilifu. Milango 4 ni shilingi 2,000,000. Kwa hiyo anachodai ni 1,000,000, wala si 3,000,000. Mwenye kudai zaidi ya haki yake huwapa wasuluhishi sababu ya kutomwamini hata katika ile iliyo haki. Na fedha irudi kwa namna ilivyotolewa. Wakipatana kulipa shilingi kwa dola, iwe kwa bei ya siku ya kulipa, hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Ibn Umar, aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu.

Pili, aandike barua ya onyo. Ieleze mapatano, tarehe, fedha iliyotolewa, kazi iliyofanyika, kiasi kinachobaki, na siku 14 za kulipa. Ipelekwe na watu wawili mpaka karakanani, na mpokeaji aitie saini. Akikataa, wale wawili waandike kwamba amekataa. Onyo hili si adabu tu. Utaratibu wa madai madogo wa Uganda hutaka onyo la siku 14 kabla ya kufungua shauri, na sheria ya Kongo nayo humtaka mdai amwonye mdaiwa kabla ya kudai fidia. Barua moja hutumika pande zote mbili. Pamoja nayo zitunzwe risiti na ujumbe wa simu wa kupeleka fedha, kwani tangu mwaka 2011 sheria ya Uganda juu ya miamala ya elektroniki inakubali maandishi ya namna hiyo kuwa ushahidi.

Tatu, sulhu. Wazee wawili kutoka kila upande, imamu au mchungaji amwaminiye fundi, mwenyekiti wa LC wa Bwera na shefu wa mtaa wa kule. Watu wa milima hii wana ukoo na ujirani uliotangulia mpaka huu, na fundi aweza kuikimbia mahakama, lakini si rahisi kuukimbia ukoo wake. Fundi asipokuwa na fedha kwa kweli, Kurani imeamrisha apewe muda mpaka afarijike. Akiwa nazo akachelewesha tu, Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha huko dhuluma. Wasuluhishi wapambanue baina ya hawa wawili.

Nne, na hili ndilo wengi hulisahau: sulhu iishe kwa hati ya kukiri deni. Fundi aandike kwamba anadaiwa shilingi 1,000,000, atalipa kwa awamu kadha, siku kadha, na mdhamini wake ni fulani. Hati hiyo hugeuza ugomvi mrefu wa milango, mbao na ahadi kuwa deni moja lililo wazi. Mahakama yoyote, huku au kule, hulielewa deni upesi kuliko ugomvi wa kazi.

Hapa pana mpaka mwingine wa kuchunga. Baraza la Fiqhi limejuzisha sharti la fidia juu ya fundi atakayechelewesha kazi, isipokuwa pakiwa na dharura. Lakini kwa uamuzi wake wa mwaka 2000, sharti hilo halifai juu ya deni la fedha. Kazi ikiisha kugeuka deni, kila siku ya kuchelewa haiongezi shilingi hata moja, kwani nyongeza hiyo ni riba.

KUFIKA MAHAKAMANI

Sulhu ikishindikana, pabaki mahakama. Baraza la LC lina mamlaka juu ya madeni na mikataba yasiyozidi pointi 100 za fedha, yaani shilingi 2,000,000. Hakimu wa madai madogo, kwa kanuni za mwaka 2011, husikiliza madai ya bidhaa, madeni na kodi yasiyozidi shilingi 10,000,000, na mtu hujitetea mwenyewe bila wakili. Mahakama za Kadhi ambazo Katiba ya mwaka 1995 inazitaja ni za ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Kadhi katika jambo hili ni msuluhishi mwema tu. Na shauri la mkataba lisilale zaidi ya miaka 6, kwani baada ya hapo mlango hufungwa.

Lakini yapasa ijulikane kwamba hukumu ya hakimu wa Kasese haivuki daraja kwa miguu yake. Ikiwa fundi ana stoo, gari au mbao Mpondwe, hukumu ya huku yatosha, kwani pana mali ya kukamata. Ikiwa kila alichonacho kipo Butembo, hukumu ya huku itahitaji kukubaliwa na mahakama ya Kongo kwanza, na gharama yake huenda ikalizidi deni. Kwa hiyo kanuni ni hii: mdai afuate ilipo mali ya mdaiwa. Kwa deni dogo ni bora kushtaki kule kule, katika mahakama ya amani, kwa hati ya Kiswahili na mashahidi wa kule.

Kwa mapatano makubwa iko njia nyingine. Uganda iliingia katika Mkataba wa New York wa usuluhishi mwaka 1992, na Kongo mwaka 2014. Wafanyabiashara wakiandika tangu mwanzo kwamba ugomvi wao utaamuliwa na msuluhishi waliyemchagua, uamuzi wake una njia ya kutekelezwa katika nchi zote mbili. Kongo imekuwa pia mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, lakini asidanganyike mtu kwamba uanachama huo umeziunganisha mahakama za madai. Bado hazijawa moja.

DHULUMA ISIYOFAA KULIPIWA DHULUMA

Enyi ndugu, liko jambo ambalo haliwezi kunyamaziwa. Aliyedhulumiwa hupandwa na hasira, naye husimama sokoni akimngojea mtu wa Butembo, yeyote yule, amkamatie mzigo wake wa kahawa au vitenge, akisema: "Mtu wenu amekula fedha yangu." Huo ni unyang'anyi. Hapana mtu abebaye kosa la mwenziwe. Mama aliyevuka na mzigo wake hakula arubuni ya mtu, na watoto wake wanangoja unga ng'ambo ya pili. Anayemnyang'anya amelihamisha deni kutoka kwa fundi na kujitwika yeye mwenyewe mbele ya Mungu. Tena kesho wa Kasindi watamkamata mtu wa Bwera kwa hoja hiyo hiyo, na daraja litakuwa mtego kwa wote.

Vile vile polisi si wakusanya madeni. Fundi aliyedanganya tangu mwanzo, aliyetaja karakana isiyokuwapo, huyo ni mhalifu, na yafaa ashtakiwe. Lakini aliyeanza kazi akashindwa ni mdaiwa, na kumtia mahabusu kwa hila ili jamaa zake walipe ni dhuluma nyingine.

FUNDI ASIYEONEKANA

Siku hizi yuko fundi ambaye hata daraja hana. Kijana wa Kasese humwajiri mtu wa India au wa Nairobi amchoree ramani au amtengenezee tovuti ya shule, wala hawakuonana. Hukumu ni ile ile, ila kinga zabadilika. Yako masoko ya intaneti, kama Upwork, ambayo huweza kushika fedha ya kazi kama adili mpaka kazi ikabidhiwe. Mwenye kuajiri asishawishike kulipa nje ya soko kwa ahadi ya bei rahisi, kwani anatoka chini ya kinga yake mwenyewe. Wala asinyamaze kazi ikiletwa, kwa maana ukimya wa siku kadhaa huhesabiwa ridhaa. Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard aweza kuiomba benki yake irudishe fedha, lakini madai mengi ya namna hiyo yana muda, kwa kawaida siku 120. Ama aliyepeleka kwa simu, na mpokeaji akaisha kuzitoa, hana wa kumrudishia ila yule fundi mwenyewe.

Kwa muhtasari, ndugu wasikilizaji: sifa za kitu ziandikwe, fedha itolewe kwa awamu, adili awekwe, onyo liandikwe, sulhu itangulie, deni likiriwe kwa saini, na mahakama ifuate mali ilipo. Na fundi ambaye yupo katika mkutano huu, kutoka ng'ambo yoyote, akumbuke kwamba fedha ya mteja aliyoishika kabla ya kupiga randa ubao ni amana, na kwamba amana huulizwa hata pasipo na hakimu wala risiti.

Mwenyezi Mungu awajaalie wafanyabiashara na mafundi wa pande zote mbili za Lhubiriha uaminifu katika kupeana na upole katika kudaiana, na aujaalie mpaka huu uwe njia ya riziki na si ya chuki. Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.